Mtoto wa mbwa hafundishwi choo kwa kofi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niwaseme wafuga mbwa wenzangu wa hapa Tanga.

Mtaani kwetu Chumbageni kilio cha mtoto wa mbwa kinavuka ukuta karibu kila asubuhi. Kakojoa sebuleni, basi anashikwa shingo, anasuguliwa pua kwenye mkojo, na kofi juu. Eti anatiwa adabu. Adabu gani? Mbwa hawezi kuunganisha kofi la sasa na mkojo wa saa nzima iliyopita. Anachojifunza ni kwamba ukimkaribia ataumia, na kesho atakwenda kujisaidia nyuma ya kabati usikomwona. Halafu utasema mbwa huyu mjinga.

Wa kwetu aliletwa na mjukuu wangu bila kuniuliza, lakini keshafika, tutamtupa wapi? Tulimchagulia kona chini ya mwarobaini, mbali na kamba ya kuanikia nguo na mbali na dirisha la jirani. Tukamwaga hapo mchanga na maranda tuliyoomba kwa seremala. Kazi yenyewe ni kujua saa zake: akiamka, akimaliza kula, akitoka kucheza na kabla ya kulala. Mtoto wa miezi miwili kibofu chake hakihimili zaidi ya saa mbili tatu, kwa hiyo hata usiku mtu ataamka. Mjukuu ndiye anayeamka, mbwa si wake?

Unamfunga kamba (sisi tunatumia ya katani, Tanga haikosekani), unampeleka kona ileile, unasimama kimya. Usicheze naye. Atanusa, atazunguka, atachuchumaa. Akimaliza tu, palepale, mpe dagaa mmoja na umsifu. Ukingoja mpaka mrudi mlangoni umeshachelewa. Atadhani dagaa ni malipo ya kurudi ndani. Na ukimkuta katikati ya kukojoa sebuleni, gonganisha viganja vyako mara moja ashtuke, mbebe, akamalizie nje. Ukiukuta mkojo umeshapoa, chukua tambara ufute, nyamaza.

Kufuta nako kuna namna yake. Harufu ikibaki, pua itamrudisha palepale. Osha kwa sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji. Wengine hukimbilia dawa ya kung'arishia nguo. Hiyo ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaochoma macho.

Sasa nije kwa majirani, maana hapo ndipo penye hoja yangu. Mji wetu una Waislamu wengi, na mimi ni mmoja wao. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mkojo wa mbwa ukigusa mkeka wa kuswalia unaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bibi wa nyumba ya pili hana kosa lolote mpaka aanze kutafuta udongo alfajiri kwa sababu mbwa wako kapita barazani kwake. Mwenye mbwa ndiye wa kulaumiwa, na ndiye aende na ndoo.

Asiyejali swala na ajali watoto. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo. Ya safura ya mbwa yakipata udongo wenye unyevu hutoa viluwiluwi ndani ya siku chache, navyo hupenya nyayo za mtoto anayecheza peku na kuacha mstari mwekundu unaotambaa chini ya ngozi na kuwasha usiku kucha. Ukizoa kinyesi kila siku na kukifukia mbali na kisima, viluwiluwi hawapati muda. Mbwa akiwa na kona moja, kuzoa ni kazi ya dakika mbili. Akiwa anatapakaza mtaa mzima, nani atazoa? Na dawa ya minyoo apewe tangu mdogo, asisubiriwe mpaka tumbo lijae.

Ombi langu ni kwa maofisa mifugo. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa watu hujipanga foleni na mbwa wao, jua linawaka, hakuna cha kufanya ila kungoja. Foleni ile inatosha kabisa kuwaeleza wenye watoto wa mbwa habari za kona, dagaa na dawa ya minyoo. Sindano inachomwa, kadi inajazwa, kila mtu anarudi kwake na kofi lilelile. Waelezeni hapohapo.

Mstaafu wa Reli,
Chumbageni, Tanga.