Hita ya gesi ikiharibika, fundi aulizwe kwanza moshi unatokea wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye nyumba, mafundi na wafanyabiashara wa hapa Tanga kuhusu hita za gesi za kuchemshia maji ya kuoga, ambazo zimeanza kuonekana katika nyumba za Raskazone, Chumbageni na hata Ngamiani, kwa kuwa gesi ya mtungi imekwisha kuzoeleka jikoni na umeme wa kuchemshia maji unaumiza mfuko. Hoja yangu ni moja. Hita inapoharibika, swali la kwanza lisiwe itawaka tena kwa shilingi ngapi, bali moshi wake unatokea wapi. Na kama hauna pa kutokea, hita hiyo haistahili kutengenezwa hapo ilipo, hata kama ubovu wake ni wa betri tu.

Wengi huichukulia hita kuwa kifaa kidogo kwa sababu ni kisanduku chembamba kinachoning'inia ukutani. Moto wake si mdogo. Hita ya lita 6 kwa dakika ina nguvu ya kilowati 10 hivi, ambayo ni kama kuwasha mafiga matatu ya jiko la gesi kwa pamoja hadi mwisho. Ikiwaka saa nzima huteketeza karibu kilo 1 ya gesi, na kilo hiyo inahitaji zaidi ya mita za ujazo 12 za hewa ili iungue sawasawa. Sasa chukua bafu la kawaida lenye upana wa mita 1.5, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2.5: hewa yote iliyomo ni mita za ujazo 7.5. Mlango ukifungwa na watu wa nyumba wakapokezana kuoga, moto huanza kukosa hewa safi muda mrefu kabla ya hewa yote kutumika, na gesi isipoungua sawasawa hutoa kaboni monoksaidi, sumu ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Sumu hii haina rangi wala harufu. Ile harufu kali tunayoijua hutiwa makusudi kwenye gesi ya mtungi ili tugundue inapovuja, lakini gesi ikishaungua harufu hiyo haipo tena, kwa hiyo mtu anayesema bafu lake ni salama kwa kuwa halinuki gesi amepima kitu kingine kabisa. Kaboni monoksaidi hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hupata kichefuchefu na kulegea miguu. Kwetu huku dalili hizo hudhaniwa haraka kuwa ni malaria au uchovu wa safari. Ikiwa zinampata mtu akiwa bafuni au muda mfupi baada ya kutoka, zikapungua anapokaa nje, au zikiwapata watu zaidi ya mmoja wa nyumba hiyohiyo, hita izimwe, madirisha yafunguliwe, watu watoke nje, na aliyezidiwa apelekwe hospitali akawekewe oksijeni. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Jambo lililonisukuma kuandika ni namna ubovu mmoja unavyotengenezwa. Katika nyumba moja mtaani kwetu hita ilikuwa ikiwaka vizuri kwa dakika chache kisha inazimika yenyewe, na mama mwenye nyumba, ambaye ni mtu mzima na miguu yake haivumilii maji baridi msimu wa kusi, alichoka kukatizwa akiwa na povu mwilini. Fundi aliyeitwa alizikata nyaya za sensa, yaani kifaa kinachohisi hatari na kuizima hita, akaziunganisha dairekti, hita ikawaka bila kuzimika, akalipwa na kushukuriwa. Hita zilizotengenezwa vizuri huwekewa kinga: ipo inayozima moto oksijeni inapopungua chumbani, na ipo inayozima pale moshi unaporudi ndani badala ya kupanda dohani. Hita inayozimika baada ya dakika chache inaweza kweli kuwa na sensa mbovu, na hapo dawa ni kuweka sensa nyingine ya aina ileile, lakini mara nyingi sensa huwa nzima na inasema kweli kuhusu hewa ya bafu. Kuinyamazisha ni kumwondolea mtu anayeoga kinga ya mwisho aliyokuwa nayo. Namshukuru Mungu kwamba mtoto wa mama yule alimwita fundi wa pili, kijana aliyesomea kazi hiyo, naye akakataa kuigusa hita hadi ihamishwe.

Nyumba zetu nazo zimebadilika. Zile za zamani za Ngamiani zilikuwa na bafu uani, penye upepo wa kutosha, na madirisha ya mbao yasiyoziba kabisa. Siku hizi tunajenga chumba masta chenye bafu ndani, tunaweka madirisha ya alumini yanayobana, na kijidirisha cha juu tunakiziba kwa plastiki kuzuia mbu. Nimeona hata bomba la moshi lililoishia darini, juu ya jipsamu, ambako moshi hubaki ukizunguka na kushuka vyumbani.

Sisemi kwamba kila hita mbovu itupwe. Ikikataa kuwaka kabisa, mara nyingi ni betri zimeisha, au chujio la pale maji yanapoingilia limeziba mchanga, au presha ya maji ni ndogo kwa sababu tangi limewekwa chini mno, au kiwambo cha mpira ndani ya valvu ya maji kimepasuka. Hayo ni matengenezo ya bei nafuu. Moto ukiwa wa njano badala ya bluu, au masizi yakionekana kwenye mfuniko, hita isitumike hadi fundi asafishe vichomeo, ambavyo huziba kwa vumbi na utando wa buibui. Na kama masizi yanarudi baada ya kusafishwa, au mapezi ya shaba yanayopasha maji yameliwa na chumvi ya hewa ya bahari hadi yanavuja, fedha ya spea heri iwekwe kwenye hita mpya.

Wanaonunua mitumba wasome kibandiko. Hita nyingi za Ulaya zimetengenezwa kwa gesi asilia, na kibandiko chake huonyesha G20, wakati gesi yetu ya mtungi ni G30 au G31. Gesi ya mtungi ina nishati zaidi ya mara mbili kwa ujazo uleule, hivyo nozeli, yaani vitundu vinavyopitishia gesi kwenye moto, zisipobadilishwa moto huwa mkubwa kupita kiasi na hujaa masizi. Kubadilisha regyuleta peke yake hakutoshi.

Hali yetu ya hewa inaturuhusu jambo ambalo katika nchi za baridi haliwezekani kirahisi: hita inaweza kufungwa ukutani nje, uani, ndani ya kibanda chenye matundu kinachozuia mvua na upepo wa kusi usizime moto, na maji ya moto yakaletwa bafuni kwa bomba. Mtungi usimame wima palepale nje, usiwekwe shimoni, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Nawaomba wenye maduka wasiuze hita ya kufungwa ndani bila bomba lake la moshi, na wamuulize mteja itafungwa wapi kabla ya kupokea fedha yake. Nawaomba VETA, ambao wana chuo hapa mkoani, wafikirie kozi fupi ya hita za gesi kwa mafundi bomba walioko mitaani, kwani ndio tunaowaita. Halmashauri nayo, maofisa wake wanapokwenda kukagua nyumba za wageni, wafike hadi bafuni na kuangalia bomba la moshi linaishia wapi, kwa sababu mgeni anayelala usiku mmoja hawezi kujua hita ya chumba chake imeunganishwaje.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga.