Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: mwaka wetu na Margaret Fuller

Wanachama wenzangu, mama zangu, dada zangu na kaka zetu mlioungana nasi mwaka huu, habari za tangu mkutano uliopita, na waliofiwa humu kati Mwenyezi Mungu awape subira. Mahudhurio ataeleza katibu na michango ataisema mweka hazina, mi nataka niongelee kile tulichokisoma mwaka huu, halafu nina ombi moja mwishoni, na ombi lenyewe linahusu hela.

Mnakumbuka tulikubaliana kwamba sisi tunaoishi Boston na vitongoji vyake kila siku tunapita mitaa ya watu tusiowajua, basi tuchague mwandishi mmoja mwanamke wa hapahapa tumsome mwaka mzima, kila mtu asome anavyoweza ila mjadala uwe Kiswahili. Tukamchagua Margaret Fuller. Wapo waliouliza kwanini tuhangaike na mzungu aliyekufa 1850 wakati wa kwetu tunao, na hilo ni swali la haki, nitalifikia.

Kwa wageni wetu wa leo, huyu mama alizaliwa tarehe 23 Mei 1810 Cambridgeport, ng'ambo tu ya mto toka Boston. Baba yake Timothy alikuwa wakili na mbunge, akamfundisha Kilatini akiwa na miaka 6, na mtoto alikuwa anakaa macho mpaka usiku baba atoke kazini aje amsikilize masomo, ndo maana alikuwa akilala anaota ndoto za kutisha na kutembea usingizini. Wengi kwenye grupu mlimlaumu baba, wengine mkasema angalau alimpa binti elimu ambayo wenzake walipewa wavulana tu, mi naona yote mawili ni kweli. Ila kilichotugusa zaidi ni 1835. Baba alikufa na kipindupindu, usimamizi wa mirathi ukaenda kwa ami, na Margaret mwenye akili kuliko wote mle ndani akawa hana kauli juu ya mali lakini mzigo wa kulisha mama na wadogo zake ukawa wa kwake. Siku tuliyojadili hilo hakuna aliyetaka kuondoka, mama mmoja alitusimulia ya kwao mwanzo mpaka mwisho na sitayarudia hapa kwasababu aliyasema kwa imani, ila wote mliokuwepo mnajua kwanini sikuwakatisha muda ulipoisha.

Akaenda kufundisha kwenye shule ya Bronson Alcott hapa Boston, shule haikuwa na hela ya kumlipa. Akahamia Providence kwenye shule ya Greene Street, huko ndo akalipwa vizuri, dola 1,000 kwa mwaka, kwa wakati ule mwalimu mwanamke kupata hizo lilikuwa jambo kubwa.

Kuanzia Novemba 1839 akaanzisha mazungumzo yake ya wanawake, na baadae yakawa yanafanyika kwenye duka la vitabu la Elizabeth Peabody mtaa wa West, katikati ya mji. Wanawake walikuwa wanalipa ada, wanakaa, anatoa mada, kisha anawataka waseme wenyewe wanafikiri nini, na waliobaki kimya aliwaomba waandike mawazo yao ayasome. Alisema anataka wajiulize: tumezaliwa kufanya nini, na tutafanyaje? Maswali ambayo wengi hawajiulizi mpaka miaka yao mizuri imeshapita. Haya mazungumzo yaliendelea mpaka 1844, na ndo yalinifanya niombe tubadilishe vikao vyetu, mtoa mada aongee kidogo tu, kisha kila mmoja aseme, hata kama ni sentensi moja. Dada zetu waliokuwa wanakuja wanakaa nyuma na simu sasa hivi ndo wanatuma voisi ndefu kuliko zangu, na nimefurahi sana.

Sasa nije kwenye The Dial. Mwandishi na mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson na wenzake walianzisha hili jarida 1840 wakampa Margaret uhariri, na wakamwahidi dola 200 kwa mwaka. Alisoma miswada ya watu, akawakumbusha waliochelewa, na kurasa zilipopungua aliandika yeye kujazia, alikaa hapo mpaka 1842 na hizo dola 200 hakuzipata. Tunaongea habari za mwanamke aliyekuwa anategemewa na familia nzima, na waliomzunguka walikuwa watu waungwana, waliosoma, waliompenda kabisa, na bado kazi ya kichwa chake wakaiona kama kitu cha kujitolea tu. Mi hili limenikaa rohoni mwaka mzima.

Kutoka kwenye makala yake ya 1843 kwenye jarida hilohilo ndo kikazaliwa kitabu, Woman in the Nineteenth Century, kikatoka 1845. Ni kigumu, nakubali, anazunguka kwa Wagiriki, anarudi kwenye Biblia, anaruka kwenda kwa washairi wa Kijerumani, wengi tuliachia njiani tukarudi. Lakini ukishaushika uzi, hoja iko wazi kwamba mwanamke asiwekewe mpaka na mtu mwingine wa kazi gani inamfaa, na pale aliposema kama wanataka kuwa manahodha wa meli basi wawe, mama mmoja wa Mombasa kwenye grupu aliandika AMIN kwa herufi kubwa. Tena hakuishia kwa wanawake wenye nafasi, kwasababu alipoajiriwa na Horace Greeley kwenye gazeti la New York Tribune alienda kwenye magereza, Krismasi ya 1844 aliongea na wanawake wafungwa wa gereza la Sing Sing huko New York, na 1845 akaisifia gazetini simulizi ya maisha ya Frederick Douglass aliyetoroka utumwani.

Ulaya nitapita haraka maana katibu alishatuma muhtasari. Alienda 1846 akiwa mwandishi wa Tribune, akampata Mwitaliano Giovanni Ossoli huko Roma, wakazaa mtoto wa kiume Septemba 1848, na Roma ilipofanya mapinduzi, Wafaransa wakaja kuuzingira mji 1849, alisimamia hospitali ya majeruhi kwenye kisiwa cha mto Tiber. Wakarudi na meli ya mizigo iliyobeba marumaru, nahodha akafa njiani na ndui, na tarehe 19 Julai 1850 saa tisa na nusu usiku meli ikapanda mchanga Fire Island, karibu kabisa na New York, nchi kavu wanaiona. Watu wa ufukweni walikuwa wanaokota mizigo inayoelea. Mtoto alipatikana ameshafariki, Margaret na mumewe hawakuonekana tena, na mswada wake wa historia ya mapinduzi ya Roma ukapotea pia, Emerson alimtuma rafiki yake, mwandishi Henry Thoreau, akatafute akarudi na vitu vidogo tu.

1852 marafiki zake wanaume watatu wakatoa kitabu cha kumbukumbu zake na humo barua zake wakazikata na kuzibadilisha, kwahiyo kwa miaka mingi watu walimjua Margaret waliyemtengeneza wao. Hata hivo kina Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, waliopigania haki ya wanawake kupiga kura, kwenye historia yao ya kudai kura hiyo waliandika kwamba hakuna mwanamke wa Marekani kabla yake aliyeathiri fikra za wanawake wenzake kiasi kile.

Tulitembelea nyumba aliyozaliwa mtaa wa Cherry, leo ni kituo cha jamii na watu wa mtaa wanapata vyakula pale, na makaburi ya Mount Auburn penye jiwe la kumbukumbu yake. Limeandikwa kwamba kwa kuzaliwa ni mtoto wa New England, kwa kuchagua ni raia wa Roma, na kwa kipaji ni wa dunia nzima. Tuliokula kiapo cha uraia hapa tulisimama pale muda mrefu.

Sasa lile swali la wa kwetu. Kamati inapendekeza mwaka ujao tumsome Mwana Kupona binti Msham, ambaye utendi wake kwa bintiye ni wa 1858, miaka 8 tu baada ya Margaret kuzama. Wengine humu wanaujua kwa moyo toka kwa bibi zao, wengine wana ugomvi nao kuhusu mambo ya utiifu kwa mume, njooni wote na ugomvi wenu.

Na ombi langu ni hili. Katibu wetu na dada anayehariri zile voisi na muhtasari wanafanya kazi usiku wakitoka shifti, na tangu chama kianze hatujawahi kuwapa hata senti, tunawapa makofi. Naomba mkutano huu upitishe posho yao itoke kwenye ada, ilipwe kila robo mwaka na iandikwe kwenye vitabu vya chama, isiwe ahadi ya mdomo. Nimeongea na mweka hazina, ada ikilipwa na wote hela inatosha, kwahiyo wenye madeni wamuone leo kabla hamjaondoka. Akimaliza kusoma hesabu tunapiga kura.