Barua ya Malalamiko: Diski Mbili Mlizoniahidi Zitaongeza Kasi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: KUUNGANISHIWA DISKI KWA RAID 0 BILA KUELEZWA HATARI YAKE

Ndugu Meneja,

Miezi minane iliyopita niliwaletea kompyuta yangu ya nyumbani nikiwa na ombi moja: iwake upesi na programu zifunguke bila kunikalisha. Nilikuja nimeamua kununua SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Mshauri wenu akanigeuza. Alisema diski ngumu mbili za mizunguko 7,200 kwa dakika, zikiunganishwa kwa RAID 0, yaani zifanye kazi kama diski moja, zingenipa "kasi mara mbili" na nafasi tele. Nikamwamini, maana mjuzi ni yeye.

Kompyuta iliendelea kuwaka kwa mwendo ule ule wa kobe. Nilipopiga simu nikaambiwa niipe muda izoee. Diski haizoei, ndugu yangu.

RAID 0 hugawa faili vipande vipande ili kila diski isome sehemu yake, jambo linalosaidia unaponakili video kubwa. Lakini kuwasha kompyuta ni kusoma maelfu ya faili ndogo zilizotapakaa, na hapo kinachochelewesha ni kichwa kinachosoma diski kutafuta mahali, kisha kungoja sahani yenye data izunguke. Kwa mizunguko 7,200, kungoja huko peke yake huchukua wastani wa milisekunde 4.2, na bado hujahesabu safari ya kichwa chenyewe. Diski ya pili haikipunguzii kichwa safari hiyo. SSD haina sahani wala kichwa. Hata ile ya SATA, aina ya SSD yenye kasi ndogo, ambayo kiungo chake hakiruhusu zaidi ya megabaiti 600 kwa sekunde, ingenitosha kabisa. Tena bodi mama yangu ina nafasi ya M.2, tundu la kuchomeka SSD ndogo, inayopokea NVMe, aina ya SSD yenye kasi kuliko ya SATA. Mshauri wenu aliifungua kompyuta mbele yangu, akaiona, akanyamaza.

Ukobe ningeuvumilia. Wiki tatu zilizopita diski moja ilikufa, na faili zote zikaenda nayo, kwa kuwa karibu kila faili ilikuwa nusu huku, nusu kule. Diski iliyobaki ni nzima na haina faida. Sikuwa na nakala ya picha za mwaka huu. Kosa hilo ni langu na nimelibeba. Ila hakuna aliyenitamkia kwamba kwa mpangilio ule, kufa kwa diski moja ni kufa kwa zote mbili. Ningejua, nisingekubali.

Fundi wenu alinijibu kuwa waranti inahusu diski, si data. Nalijua hilo, na data siwadai. Ninacholalamikia ni ushauri mlioniuzia.

Naomba mzipokee diski zote mbili, mnifungie SSD ya NVMe kwa ajili ya mfumo endeshi na programu, pamoja na diski ngumu moja, bila RAID, ya picha na video. Tofauti ya bei ya vifaa nitailipa. Ada ya kuunganisha RAID mnirudishie.

Fomu yenu ya oda bado ina kisanduku kilichoandikwa "RAID 0 kwa kasi". Ongezeni chini yake mstari wa kumweleza mteja kwamba diski moja ikifa, hapati kitu.

Nimeambatisha risiti na nakala ya fomu hiyo. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja