Gitaa kavu la kuchomeka lisinunuliwe kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu ununuzi wa magitaa makavu yenye pikapu ndani (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika), yaani yale ambayo mpigaji huweza kuyapiga chini ya mwembe bila umeme, na jioni akayachomeka kwenye spika za ukumbini. Magitaa haya yamekuwa kimbilio la kwaya, walimu wa muziki na vijana wanaotumbuiza kwenye hafla ndogo, na mara nyingi hununuliwa kwa fedha za mchango ambazo zikishatoka hazirudi. Pamoja na hayo, wanunuzi wengi hutazama rangi, mkato wa bega na vitufe vilivyopangwa ubavuni, wakalipa na kuondoka bila kulisikia gitaa lenyewe.

Rai yangu ni kwamba gitaa la bei nafuu lisikilizwe kwanza likiwa kavu, kabla waya haujachomekwa. Mtengenezaji anayelenga bei ya chini ana fungu dogo la fedha la kugawa kati ya mbao, kazi ya mikono na vifaa vya umeme. Kwa hiyo magitaa mawili yakilingana bei, moja likiwa na pikapu na jingine halina, lile lisilo nayo ndilo ambalo kwa kawaida limepata mbao bora au shingo iliyofanyiwa kazi kwa uangalifu zaidi. Pikapu huweza kufungwa baadaye na fundi mzuri, lakini shingo iliyopotoka haina dawa ya bei rahisi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji utaalamu mkubwa. Inua gitaa usawa wa jicho, uitazame shingo kuanzia kichwani hadi kwenye boksi. Ikiwa imepinda mbele kidogo sana, hilo ni jambo la kawaida ambalo fundi hulirekebisha kwa kukaza chuma kilichomo ndani ya shingo. Ikiwa upande mmoja umeinuka na mwingine umelala, liache hapo hapo. Pima kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, vikihesabiwa kuanzia kichwani): uzi mnene ukiwa milimita 2.5 hivi kutoka kwenye freti, na ule mwembamba milimita 2 au pungufu kidogo, vidole vya anayejifunza havitateseka. Kisha piga kila uzi ukiwa wazi, uubane kwenye freti hiyo hiyo ya 12 na kuupiga tena. Sauti ya pili inapaswa kuwa ile ile ya kwanza, oktava moja juu, na kama tyuna ya simu, yaani programu ya kupimia noti, inaonyesha kwamba imezidi au imepungua sana, gitaa hilo litagombana na kinanda kila Jumapili. Hatimaye chukua kipande cha karatasi, ukisukume taratibu nyuma ya daraja, yaani kile kibao kinachoshikilia nyuzi kwenye boksi, pale daraja linapoungana na uso wa gitaa. Karatasi ikipenya, ujue gundi imeanza kuachia, na mvuto wa nyuzi sita za chuma, ambao kwa jumla hufika kilo 70 hivi, utaimalizia kazi hiyo.

Wauzaji husifu sana gitaa lenye uso wa ubao mmoja mzima, na ni kweli kwamba uso wa namna hiyo huitika vizuri zaidi kuliko ule wa tabaka zilizogandishwa mithili ya plaiwudi. Tofauti hiyo wakati mwingine imefichwa katika herufi moja tu: Fender CD-60SCE ina uso wa ubao mzima, ilhali CD-60CE, isiyo na S, ni ya tabaka, kwa upande wa Yamaha, FGX800C ni ya ubao mzima na FX310A ni ya tabaka. Hata hivyo mimi si miongoni mwa wanaodharau tabaka. Watengenezaji wengi hushauri unyevu wa hewa mahali gitaa linapohifadhiwa uwe kati ya asilimia 45 na 55, hali ambayo sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja hatuijui. Ubao mzima hunyonya unyevu huo, ukavimba nyuma ya daraja na kuinua nyuzi, wakati ubao wa tabaka hutulia. Kwaya ya pwani inayohifadhi gitaa lake kwenye kabati la kanisa haina sababu ya kuona haya kununua la tabaka. Anayepiga peke yake kwa kidole gumba na cha shahada, kwa ule mtindo wa Katanga uliompa sifa mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco, huyo ana haki ya kudai ubao mzima, maana kila noti yake husikika.

Ndipo ije zamu ya umeme. Katika magitaa mengi ya bei nafuu pikapu ni ukanda mwembamba wa pizo, kitu kinachogeuza mgandamizo kuwa umeme, uliolazwa chini ya kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi darajani, na priampu yake, yaani kikuza sauti kidogo kilichomo ndani ya gitaa, hutumia betri ya volti 9. Nenda dukani na betri yako, kwa sababu ile iliyomo aghalabu imekwisha. Priampu huwaka mara waya unapoingizwa kwenye tundu la gitaa, hivyo gitaa lililoachwa na waya usiku kucha huamka halina sauti. Weka vitufe vya besi na trebo katikati, kisha piga uzi mmoja mmoja kwa nguvu ile ile. Uzi mmoja ukisikika hafifu kuliko wenzake, huenda kijiti hakijakaa sawasawa juu ya pizo, kasoro ambayo fundi huiondoa kwa kusugua chini yake, lakini muuzaji lazima apunguze bei. Tikisa waya kwenye tundu: likikwaruza, usilichukue.

Asiyepata gitaa la namna hii kwa fedha alizo nazo anunue gitaa kavu zuri lisilo na umeme, aongeze baadaye pikapu ya sumaku inayobanwa kwenye tundu la sauti, mradi nyuzi ziwe za chuma, kwani za nailoni hazishikwi na sumaku. Na kwaya inayopiga pamoja na ngoma na gitaa la besi itenge fedha za kifuniko cha mpira cha tundu hilo, kinachosaidia kuzuia ule mlio mkali unaomfanya fundi mitambo ashushe sauti ya gitaa mpaka lisisikike kabisa.

Nawaomba waagizaji na wenye maduka waandike kwenye lebo, kwa Kiswahili, kama uso wa gitaa ni wa ubao mzima au wa tabaka, na waweke dukani spika moja ndogo na waya mmoja ili mteja ajaribu kabla ya kulipa.

Mpiga gitaa wa kwaya,
Tanga.