Barua kwa Mwanangu Anayesomea Unahodha

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini walimu wanawakazania sekstanti, kifaa cha kupima kimo cha jua, yaani pembe yake juu ya upeo wa macho, ilhali chumba cha usukani kimejaa skrini. Miaka hii mawimbi ya GPS yanavurugwa katika Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, hata skrini ikaionyesha meli iko nchi kavu. Jua hakuna awezaye kulivuruga.

Anza mapema kabla ya adhuhuri. Weka vioo vyeusi vya sekstanti, lishushe jua kiooni mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa macho, kisha lifuate. Litapanda, litasita, litaanza kushuka. Kimo cha juu kabisa ndicho unachokitaka. Kisahihishe kwa urefu wa jicho lako juu ya maji, kupinda kwa mwanga hewani, na nusu ya upana wa jua, kama dakika 16 za pembe (digrii moja ina dakika 60).

Chukulia ni tarehe 21 Juni, mnatoka Mombasa kwenda Mumbai. Kimo kilichosahihishwa ni digrii 76 na jua liko kaskazini yenu. Basi kutoka utosini hadi kwenye jua ni digrii 14. Almanaka, kitabu cha majedwali ya mahali pa jua kila siku, inasema jua liko digrii 23 na dakika 26 kaskazini ya ikweta. Toa 14: mko digrii 9 na dakika 26 kaskazini ya ikweta.

Longitudo, yaani umbali wenu mashariki au magharibi ya Greenwich, Uingereza, inataka saa sahihi, kwani jua huenda digrii 15 kila saa. Siku hiyo linafika kilele Greenwich saa 6 na dakika 2 mchana. Kwenu limefika kilele ikiwa bado saa 2 na nusu asubuhi kwa saa ya Greenwich. Tofauti ni saa 3 na dakika 32, yaani digrii 53 mashariki. Saa ikikosea sekunde 4, umekosa karibu maili nzima ya baharini.

Pwani yetu ina taabu yake. Mapema Machi, na tena karibu tarehe 9 Oktoba, jua hupita utosini Zanzibar. Hapo huruka toka mashariki hadi magharibi kwa dakika chache, na ni rahisi kukosea upande ukajumlisha pale pa kutoa. Usilikimbize. Elekea kaskazini au kusini kamili kwa dira, upime hapo hapo.

Nitumie hesabu zako za wiki hii, hasa zile zisizolingana na GPS. Nataka kuona karatasi nzima, si jibu peke yake.

Mama yako anakusalimu sana.

Babako