Tunaohamia shambani tuezeke paa kabla ya kuinua kuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie watumishi wenzangu wanaokaribia kustaafu, pamoja na vijana wanaotafuta mashamba mkoani Dodoma kwa nia ya kujenga makazi yatakayowalisha na kuwahifadhi bila kutegemea duka wala bomba. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mimi na mume wangu tunaishi hivyo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino tangu nilipostaafu ualimu. Ninachotaka kukisema kinahusu mpangilio wa kazi. Karibu kila ninayemwona akianza, anaanza na nyumba, anafuatia uzio, kisha mifugo, na maji anayatafuta mwishoni, wakati kiinua mgongo kimekwisha. Sisi nasi tulianza hivyo, na miaka miwili ya kwanza tulinunua maji ya madumu yaliyoletwa kwa baiskeli.

Mimi nilizaliwa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, ambamo migomba iliifunika mibuni kwa kivuli, magimbi yalimea chini yake, ng'ombe alikaa bandani akiletewa majani, na maji yalitufikia kwa mfongo, mfereji wa asili uliotoka mlimani. Nilipofikiria makazi yanayojitegemea, picha iliyonijia ilikuwa hiyo, na wengi ninaozungumza nao wana picha kama hiyo vichwani, ama waliirithi kwao, ama waliiona katika video za nchi ambazo mvua hunyesha mwaka mzima. Lakini kihamba kilizaliwa na mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka na udongo wa volkano. Kwetu Dodoma wastani wa mvua ni milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Tena aghalabu mwezi Februari mvua hukatika kwa wiki kadhaa, mahindi yakiwa yanachanua. Nilileta machipukizi 40 ya migomba kutoka kwetu. Hakuna hata moja lililouona mwezi wa Septemba. Mama mkwe wangu, Mgogo aliyelelewa katika tembe, aliyatazama yakikauka na hakunisema, ila siku moja aliniuliza kwa upole kama huko Kibosho kuna mtu anayepanda uwele mgombani.

Kosa la kuipangia ardhi kabla ya kuiuliza mvua yake si geni katika mkoa huu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta, wakiwa na fedha na wataalamu ambao mimi na wewe hatutakuwa nao kamwe. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo hapo walikuwa na mtama na uwele wao.

Baada ya migomba tukachimba kisima kirefu. Fundi aliyetuchimbia hakufanya upimaji wa maji ya chini kwanza, nasi hatukujua kwamba tulipaswa kuudai; alifika mita 90, akapata maji machache yenye chumvi ambayo hata mbuzi waliyanusa na kuondoka. Maji ya chini katika maeneo mengi ya Dodoma yana chumvi, na anayetaka kuchimba sharti apate kwanza mtaalamu wa kupima na kibali cha bodi ya maji ya bonde lake. Sisemi kisima hakifai. Nasema kisima ni jambo la kubahatisha, na mtu asiweke akiba yake yote katika jambo la kubahatisha ilhali juu ya kichwa chake kuna maji ambayo kiasi chake anaweza kukihesabu kwa kalamu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ningependa kila msomaji mwenye shamba aifanye leo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, huleta lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120. Kwa mvua ya milimita 550 hizo ni lita 66,000, na tukitoa sehemu moja ya tano kwa maji yanayoruka, yanayovuja na yale ya kwanza yanayomwagwa ili kusafisha bati, zinabaki lita 52,800. Watu watano wakitumia kila mmoja lita 25 kwa siku, watahitaji lita 125, yaani lita 45,625 kwa mwaka. Kumbe paa la nyumba nzuri, katika mwaka wa kawaida, linawatosha watu tu. Katika mwaka mbaya wa milimita 350, paa hilo hilo litatoa lita 33,600, na hapo lazima watu wapunguze matumizi au waongeze paa.

Sasa ongeza mifugo. Mbuzi kumi wa kienyeji wanakunywa kama lita 50 kwa siku, na ng'ombe mmoja wa maziwa wa kisasa katika joto letu hatosheki na chini ya lita 60. Ukitaka mtambo wa biogesi ili kuni zisikatwe, kila ndoo ya samadi inataka ndoo moja ya maji. Na bustani ya mboga, ambayo kila mtu huiweka ya kwanza katika ndoto yake, ndiyo inayokula kuliko wote: kitalu cha mita 5 kwa 10 katika kiangazi kinataka kama lita 250 kwa siku, na kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba, siku 214, hizo ni lita 53,500. Bustani ndogo kama hiyo inamaliza maji yote ya paa la nyumba, na watu hawajanywa hata kikombe. Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza, jioni, kwa mwanga wa taa ya sola, nilielewa kwa nini akina mama wa Kigogo hukausha mlenda na majani ya kunde wakati wa mvua na kuyaweka kwa ajili ya kiangazi. Wanahifadhi mboga iliyokwisha kunywa maji yake. Siku hizi nami nakausha, na katika kiangazi ninamwagilia mipapai mitatu na mchicha kidogo kwa maji yaliyooshea vyombo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: mwaka wa kwanza usijenge nyumba. Simamisha nguzo, ezeka paa la ghala na banda, funga gata kuzunguka pande zote, na ujenge matangi kabla ya Desemba. Sisi hatimaye tulifanya hivyo. Paa la mita za mraba 80 lisilo na kuta lilitupa maji ya kufyatulia matofali, ya kuchanganyia zege na ya kunywa mafundi, vitu ambavyo jirani yetu aliyeanza na kuta aliletewa kwa boza kwa gharama iliyozidi bei ya saruji. Matangi yasiwe madogo kwa kuhurumia fedha. Mvua inapokoma mwishoni mwa Aprili, kaya ya watu watano inapaswa kuwa na lita 26,750 ndani ili ifike Desemba. Ndiyo maana tulijenga mawili ya lita 15,000, ya saruji na wavu wa chuma, kwa mkono wa fundi wa kijijini. Yafunikwe vizuri, mbu wasiingie na mwanga usioteshe ukoga. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, na upande wa chini wa mteremko.

Naliheshimu tembe, kwa kuta zake nene na ubaridi wake mchana, lakini paa lake la udongo halivuni maji. Anayelipenda, kama mimi, anaweza kujenga kuta nene za namna ile na kuziezeka kwa bati. Matofali ya kuchoma yanakula miti ambayo hatunayo. Yapo matofali ya udongo na saruji ya kufungamana, yanayokauka bila moto, ambayo wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora umekuwa ukiyahimiza, na nyumba yetu ya vyumba vitatu imejengwa kwa hayo.

Maji ya shambani nayo hayahitaji tangi, yanahitaji kuzuiwa yasikimbie. Kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, kimeupatia mkoa mashimo yanayoitwa kwa jina lake: madogo, upana kama sentimita 22 na kina 30, yakiachana sentimita 60 katika mstari na 90 kati ya mstari na mstari, samadi kidogo ndani, kisha mbegu. Kuyachimba ni kazi ngumu ya Agosti na Septemba, na sitamdanganya mtu kwamba mgongo hauumi. Lakini ile Februari mvua inapokatika, mtama ulio ndani ya mashimo unangoja, na ule wa tambarare unanyauka. Katika sehemu ya shamba tulikokuta visiki vya miti ya asili, hatukung'oa. Tumechagua machipukizi machache yenye nguvu katika kila kisiki, tukapogoa mengine, na sasa tuna kivuli, kuni na malisho bila kumwagilia hata tone. Wanaotaka kuona ardhi inaweza kufika wapi isipolindwa, waende Kondoa, ambako mmomonyoko ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika milima ya Irangi ili udongo upone.

Kuhusu chakula nitasema machache. Panda mtama, uwele, kunde, njugu mawe na alizeti kwanza, mahindi yawe ya nyongeza. Nafaka na karanga zikaushwe juu ya turubai, zisiguse udongo, na zihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kaya inayojilisha yenyewe haina mkaguzi mwingine wa chakula isipokuwa mama mwenye ghala.

Ardhi yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi ninapowasikia vijana wakisema wamenunua ekari kumi kwa karatasi iliyosainiwa na muuzaji na shahidi mmoja. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Fika mkutanoni, simama, jieleze wewe ni nani na unataka kufanya nini, kubali kuulizwa maswali. Sisi tuliulizwa kama tungewazuia ng'ombe kupita kwenda lamboni, na jibu letu liliandikwa katika muhtasari. Uliza pia kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, ili usijenge kwenye njia ya mifugo au katika msitu wa hifadhi. Usikaribie kingo za mto, hata ule wa mchanga ulio mkavu miezi saba, kwa kuwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na Januari mto huo utakuonyesha sababu. Mkipata hati ya hakimiliki ya kimila, majina ya mke na mume yawepo yote mawili. Nimeona wajane wakihangaishwa kwa kukosa mstari huo mmoja.

Ndugu Mhariri, ombi langu kupitia gazeti lako linawahusu wanaoandaa semina za wastaafu watarajiwa. Nilihudhuria semina ya namna hiyo kwa siku mbili. Tulifundishwa kuhusu hisa, kuku na tahadhari ya matapeli, na yote yalikuwa ya maana, lakini hakuna aliyetaja mvua, ilhali zaidi ya nusu yetu ukumbini tulinyoosha mikono tulipoulizwa nani anakwenda kuishi shambani. Naomba siku moja tu iongezwe. Aitwe ofisa ugani wa wilaya, aitwe mtu wa bodi ya maji ya bonde, aitwe ofisa ardhi, na kila mshiriki aje na takwimu za mvua za mahali anakokwenda pamoja na ukubwa wa paa analotaka kujenga. Halmashauri za vijiji nazo naziomba zinapompokea mgeni zimwonyeshe mzee mmoja wa kijiji wa kutembea naye shambani kabla hajaweka jiwe la kwanza. Mama mkwe wangu angeyafanya hayo bila malipo.

Ninaandika barua hii mwezi wa Oktoba, wakati tangi letu la pili limebaki na robo. Wiki hii tunapanda juu kufagia majani kwenye gata na kuziba tundu moja la bati upande wa ghala, na milango yetu iko wazi kwa yeyote anayetaka kuja kuona kabla mvua hazijaanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Chamwino, Dodoma