Safari ya baiskeli Tanga–Pangani ipangwe kwa upepo na maji

Mhariri,

Kila kipupwe kikiingia, vijana hufunga mizigo kwenye baiskeli na kutoka Tanga mjini kuelekea Pangani, wakihesabu kwamba kilomita 50 hivi ni kazi ya asubuhi moja. Kilomita hazina neno. Shida ni kwamba kuanzia Juni hadi Septemba kusi, upepo utokao kusini, inavuma, na anayekwenda Pangani anaipokea usoni. Alfajiri upepo huwa mdogo, lakini jua likishapanda nao huongezeka, na mtu mwenye mzigo wa kilo 15 aliyekuwa akienda kilomita 14 kwa saa hujikuta anasukumana na 8 au 9. Basi msimu huo panda gari hadi Pangani, anzia huko, upepo ukusindikize Kigombe, Tongoni hadi Tanga. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikivuma, Desemba hadi Februari, geuza safari. Masika tunashauri kutulia nyumbani: vijia vinavyoshuka ufukweni huwa tope linaloganda kwenye madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka.

Kabla konda hajairusha baiskeli juu ya keria ya basi, fungua pedali (ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia, wengi huiharibu hapo), legeza usukani na uulaze sambamba na fremu, kisha ilaze baiskeli kwa ubavu wa kushoto ili mkono wa gia, ule unaohamisha cheni nyuma, ubaki juu.

Kinachokatisha safari mara nyingi ni spoku za gurudumu la nyuma, upande wa friwili (meno ya nyuma yanayoshika cheni). Watu hudhani zimekatika kwa kukazwa mno, kumbe zililegea. Spoku iliyolegea hukazika na kulegea kila gurudumu linapozunguka, mwishowe hukatika pale inapojikunja kuingia kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu. Jioni kabla ya safari zibane mbili mbili kwa vidole, au zigonge kwa ukucha usikilize: za upande mmoja zitoe mlio unaokaribiana. Beba tatu za akiba zenye urefu sahihi, uzifunge kwa utepe kwenye fremu, pamoja na ufunguo wa friwili, maana bila huo spoku ya upande ule haipenyi. Ikikatika ukiwa huna ufunguo, rimu huvutwa upande wa pili. Legeza nusu mzunguko spoku mbili za jirani za upande huo wa pili, achia breki ya nyuma kidogo, hamishia mzigo mbele, uende taratibu hadi kwa fundi.

Barabara ya vumbi yenye vijituta vya mfululizo hulegeza skrubu za keria. Spana namba 8 ndogo inatosha kwa zile za kawaida. Zikague kila unapopumzika, na akiba ya skrubu mbili isikosekane.

Kuhusu kuendesha ufukweni maji yakiwa yamekupwa: mchanga mbichi ni mgumu na unavutia, picha zinapendeza, ila maji ya chumvi yakishaingia kwenye haba hayatoki mpaka gololi zishike kutu. Hatushauri. Hata usipogusa maji, hewa ya pwani inatosha kuitia cheni kutu usiku mmoja. Jioni ifute kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo ya chumvi, ikaushe, tia tone moja la mafuta kwa kila kiungo, kisha futa yote yaliyobaki nje. Grisi hushika mchanga ikawa msasa. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wetu wanaipenda sana, ina vumbi la chuma ndani yake. Mafuta ya cherehani ni mepesi na huhitaji kurudiwa kila siku, lakini ni afadhali mara kumi.

Maji ya kunywa yasipungue lita 5 kwa siku, na kati ya saa 5 na saa 9 mchana mtu akae kivulini. Katika lita moja weka nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya sukari vilivyosawazishwa, unywe kidogo kidogo.

Saa 10 jioni anza kutafuta pa kulala. Kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe. Halafu tazama mstari wa mwani na takataka mchangani: hapo ndipo maji ya jana yalipofika. Wageni huweka hema hatua chache juu ya mstari huo na kuridhika. Kama mwezi unaelekea kuandama au kupevuka, bamvua inakuja na kesho maji yatapanda zaidi, kwa hiyo panda hadi penye nyasi na vichaka. Chini ya minazi usilale, hata pakiwa na kivuli kizuri namna gani. Kuti kavu peke yake hupasua hema. Mivinje ni salama zaidi. Vigingi havishiki mchangani: jaza mchanga kwenye vipande vya salfeti, vifunge kamba, vifukie kina cha mkono hadi kiwiko.

Wanaotaka kuvuka Mto Pangani na kuendelea kusini wakumbuke kwamba Saadani ni hifadhi ya taifa, ina simba, tembo na nyati. Hapo baiskeli ipakiwe kwenye gari.

Mwisho tuna ombi kwako, Mhariri. Gazeti hutupatia joto na mvua za miji mikubwa. Ongeza mistari miwili: mwelekeo wa upepo wa pwani, na saa za maji kujaa na kupwa katika bandari ya Tanga. Wavuvi nao watakushukuru.

Wasafiri wa baiskeli,
Tanga